Kirukanjia Hafi kwa Kuvuka Njia

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo mniwie radhi nisipotaja majina na vyeo, maana nikianzia huko jua litatuchwea kabla sijamfikia mnyama niliyemjia.

Hapa mezani mnaona kopo la maziwa ya unga. Nitalifungua tukifika mwisho. Wewe mwanafunzi uliyekaa mbele, nishikie mwanangu, upepo wa bahari leo una nguvu.

Walioniita walisema nizungumze habari za wanyama wa porini katika mkoa wetu wa Tanga. Najua mtu akisikia hivyo anawaza tembo wa Mkomazi, au simba wa Saadani. Wale wana wasemaji wengi. Mimi nimefundisha sayansi miaka 31, na likizo zangu nyingi nilizimalizia Amani nikiwasaidia watafiti kubeba ndoo na kamba msituni. Katika miaka yote hiyo mnyama aliyenishika moyo ni kirukanjia. Ndiyo, kirukanjia huyu huyu mnayemfukuza jikoni kwa ufagio.

Leo asubuhi nikitoka nyumbani Pongwe kwenda kupanda daladala nilimkuta mmoja amekufa katikati ya njia ya mchanga. Amelala ubavu, pua ndefu imeelekea majanini, manyoya bado yanang'aa. Watoto wa shule walikuwa wamemzunguka. Mmoja akawaeleza wenzake kwa sauti ya mtu anayejua: "Huyu alivuka njia, ndiyo maana kafa. Kirukanjia akivuka njia hafiki upande wa pili." Nilisimama nikamsikiliza mpaka mwisho. Maneno hayo nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, naye alifundishwa na wakubwa wake, na nimeyasikia Muheza, Pangani na Korogwe vilevile.

Mtoto yule hakukosea alichokiona. Virukanjia kweli huonekana wamekufa njiani, tena mara nyingi bila jeraha kubwa, na wazee walioshika imani hii walikuwa na macho makali. Ni sababu tu ndiyo waliyoikosa. Nitaieleza, lakini kwanza tujue tunamzungumzia nani, kwa kuwa wengi humu mnamwita panya.

Si panya. Panya wa nyumbani, panyabuku, kindi na nungunungu ni ukoo mmoja, ukoo wa watafunaji. Mbele ya kinywa wana meno mawili juu na mawili chini, nayo hukua maisha yao yote. Yasipochakazwa yatawazuia kula, ndiyo maana wanatafuna mlango, gunia na hata sabuni. Kirukanjia ukoo wake ni mwingine kabisa. Ndugu yake aliye karibu hapa kwetu ni kalunguyeye. Kinywani ana safu ya meno madogo yaliyochongoka kama misumari, yaliyoumbwa kuvunja ganda la mende na kukata jongoo. Gunia la mahindi halimhusu.

Mkitaka kumtambua bila kumfungua kinywa, tazameni pua: ndefu, imechongoka, haitulii hata sekunde moja. Macho ni madogo kama mbegu za mchicha. Manyoya ni mafupi na laini kama mahameli. Mkiani wengi wao wana nywele ndefu chache zilizotawanyika, kana kwamba mtu amezipachika moja moja. Na mguu wa mbele una vidole vitano vyenye kucha, wakati panya ana vinne vinavyoonekana na cha tano ni kama alama tu. Darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu wahesabu vidole kabla ya kutaja jina.

Virukanjia wa mashambani kwetu wengi ni wa jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, ambayo wataalamu huiita Crocidura, virukanjia wenye meno meupe. Jenasi hiyo moja ina spishi zinazokaribia 200, na hakuna jenasi nyingine ya mamalia duniani yenye spishi nyingi kuipita. Simba yuko mmoja. Twiga wanahesabika kwa vidole. Huyu tunayemkanyaga ana jamaa wapatao mia mbili, na bado wengine wanaendelea kugunduliwa.

Sasa niwapeleke jikoni kwa bibi yangu Muheza. Nilikuwa na umri kama miaka tisa. Ilikuwa masika, mvua imepiga tangu mchana, na jiko letu lilikuwa la nje, la makuti. Mimi nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, bibi anapuliza moto. Mara nikaona kitu cheusi kirefu kinatoka nyuma ya rundo la kuni, kinajipinda, kinafuata ukuta. Nikapiga ukelele: nyoka! Mjomba akaingia na panga. Bibi akachukua kibatari, akainama, akatazama, kisha akasema, "Weka panga chini. Huyo ni mzazi."

Walikuwa sita. Mama mbele, na watoto watano nyuma yake, kila mmoja ameshika kwa meno manyoya ya mwenzake aliye mbele, pale mkia unapoanzia. Mama akikata kona, mstari wote unakata kona. Akisimama kunusa, wote wanasimama. Walipita nyuma ya mtungi wa maji wakatokomea kwenye tundu la ukuta. Nadhani maji yalikuwa yameingia kwenye kiota chao chini ya kuni, naye alikuwa anawahamisha. Mjomba alibaki ameshika panga kama mtu aliyesahau alichofuata.

Tabia hiyo inajulikana vizuri kwa wataalamu, na inaonekana kwa hawa wenye meno meupe. Mtoto anapofikisha umri wa wiki moja hivi huanza kushika, na huendelea mpaka anapokaribia kuacha kunyonya, takriban wiki ya tatu. Wanang'ang'ania kiasi kwamba ukimwinua mama watoto wananing'inia pamoja naye. Fikirini wenyewe: watoto bado hawaoni sawasawa, nje ni giza, kila mnyama anawataka, na mama ana mdomo mmoja tu. Angewabeba mmoja mmoja angekwenda na kurudi mara tano, na kila safari ni hatari.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Neno kirukanjia tumeligeuza kuwa tusi la mwanamke. Mwanamke akionekana barabarani sana, akitoka usiku, anaitwa kirukanjia. Mimi nimemwona kirukanjia mwenyewe anatoka usiku, nimeona alichokuwa anakifanya, na kila ninaposikia tusi hilo namkumbuka yule mama wa watoto watano. Akina baba mlio hapa, nawaomba mliache.

Kwa nini hatulii? Jibu liko kwenye joto la mwili. Mnajua wauza kahawa wetu wa hapa mjini wanaopita na birika la mkaa. Kahawa iliyo ndani ya birika inakaa moto muda mrefu. Akikumiminia kwenye kile kikombe kidogo, ukigeuka kumsalimu mtu tu imepoa. Kahawa ni ile ile na moto ni ule ule, ila kitu kidogo kina ngozi nyingi ukilinganisha na ujazo wake, na joto hutokea kwenye ngozi. Kirukanjia ni kile kikombe. Damu yake ni ya moto kama yetu, lakini mwili ni wa gramu chache, unapoa muda wote, na lazima auchochee muda wote. Kuni zake ni wadudu.

Kwa hiyo hula, hulala kidogo, huamka, hula, usiku na mchana. Wapo katika ukoo huu ambao kwa siku moja hula chakula kinachokaribia uzito wa miili yao wenyewe. Mtu wa kilo 60 angetakiwa ale karibu kilo 60 za ugali na dagaa kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Akikosa chakula kwa saa chache tu yuko taabani. Mdogo kuliko wote ni kirukanjia anayeitwa wa Etruska, anayejulikana zaidi katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Ana uzito wa gramu 1.8 hivi, chini ya nusu ya sukari ya kijiko cha chai, na hakuna mamalia mwingine mwepesi kumshinda. Moyo wake umepimwa ukipiga zaidi ya mara 1,500 kwa dakika. Wekeni kidole kwenye mshipa wa mkono wenu, mtahesabu sabini, themanini. Huyu anapiga zaidi ya mara ishirini na tano katika sekunde moja.

Kila nchi imewapa virukanjia wake njia ya kukabili njaa. Ulaya, mwaka 1949, mwanasayansi wa Poland August Dehnel alieleza jambo ambalo watu waliona taabu kuliamini: kirukanjia wa kule, majira ya baridi yakikaribia, hupungua fuvu na ubongo, na majira yakirudi kuwa mazuri huongezeka tena. Anapunguza nyumba ili apunguze kuni. Wa kwetu wenye meno meupe wana njia yao. Siku ya njaa wanaweza kuuacha mwili upoe kwa saa kadhaa, wakajikunja wamezimia nusu, kisha wakajipasha upya. Ukimkuta mmoja asubuhi amejikunja baridi chini ya kifuu, usimtupe haraka.

Anavyowinda utamwonea huruma na kumstaajabia kwa pamoja. Macho yale hayamsaidii sana. Anategemea pua, masikio, na sharubu anazozipeperusha mbele kama kipofu anayepapasa kwa fimbo. Anapita chini ya majani makavu, kwenye njia zake zile zile, kando ya ukuta au gogo. Akigusa panzi, kabla panzi hajajua ameguswa, kichwa kimeshakatwa. Anakula mchwa, nyenje, mende, minyoo, konokono, buibui, tandu. Nimewahi kumtazama mmoja bustanini kwangu, baada ya mvua ya kwanza ya vuli, kumbikumbi wanatoka ardhini. Alikaa mlangoni mwa kichuguu akipokea mmoja baada ya mwingine, mabawa yamerundikana mbele yake kama maganda ya karanga mbele ya muuzaji. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi, naye bado anakula.

Wengine huniuliza kama ana sumu. Amerika Kaskazini yuko mmoja mwenye mkia mfupi ambaye mate yake yanapoozesha minyoo na wadudu, akawaweka akiba wangali hai, na Ulaya yuko wa majini mwenye mate ya namna hiyo. Wa kwetu hawajulikani kuwa na sumu. Ila ukimshika atakung'ata, na meno yale ni sindano.

Basi turudi njiani kwa yule maiti wa Pongwe. Ubavuni kirukanjia ana tezi zinazotoa harufu kali ya miski. Sote tunaijua, ile inayobaki kabatini siku mbili. Paka akimwona anakimbia kando ya ukuta anamrukia, kama paka anavyorukia chochote kinachokimbia. Anamwuma shingoni, anamwonja, harufu inampanda, anamwacha. Mbwa hufanya hivyo hivyo. Maiti inabaki nzima, na mara nyingi inabaki mahali peupe kwa sababu paka hupenda kuwindia pembeni mwa njia na uwanja. Ongezeni na umri: kirukanjia akifikisha mwaka mmoja na miezi kadhaa ni kikongwe, meno yamelika, kwa hiyo kila siku wako wanaokufa kwa uzee au njaa tu. Anayefia majanini siafu wanammaliza kabla ya asubuhi, hakuna anayemwona. Anayefia kwenye mchanga mweupe tunamwona wote, watoto wanakusanyika, na hadithi inaendelea. Wale wanaovuka salama, na wanavuka kila usiku, hawana shahidi.

Yuko mwindaji mmoja ambaye harufu ile haimzuii, naye ni bundi. Nimemweka akiba kwa ajili ya kopo.

Hapa mjini Tanga, hasa nyumba za zamani za Ngamiani, mnaishi na kirukanjia mwingine, mkubwa, wa kijivu, mwenye mkia mnene unaochongokea mwishoni. Huyo si wa jenasi niliyoitaja. Wataalamu humwita Suncus murinus, na asili yake ni Asia ya Kusini. Amefika pwani hii kwa vyombo, pamoja na mizigo ya wafanyabiashara waliokwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Yuko Unguja, yuko Komoro, yuko miji mingi ya bandari ya Bahari ya Hindi. Mwenye sikio zuri atamsikia usiku anatoa mlio wa haraka haraka, kama mtu anayetikisa sarafu mkononi. Wachina wana jina la kumwita panya wa pesa kwa sababu ya mlio huo. Mimi kila nikimsikia nawaza majahazi, vikapu vya tende na matanga yaliyolowa, na mnyama asiyeona vizuri akishuka kwenye kamba usiku kuingia mji asioujua.

Yeye huzaa ndani ya nyumba zetu, mimba yake ni ya siku 30 hivi, na usiku kucha anapita jikoni akitafuta mende. Wahenga walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Mende anakuja kuvuna makombo yetu, na kirukanjia anakuja kuvuna mende. Sitawaficha, atagusa pia dagaa na mabaki ya nyama yakiachwa wazi. Funikeni vyakula. Na kitu kingine nakisema kama mwalimu niliyekuwa kazini tauni ilipoingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980: mnyama mdogo yeyote aliyekufa, panya au kirukanjia, hashikwi kwa mkono mtupu. Viroboto huhama kwenye mwili unaopoa kutafuta mwili wenye joto, na huo unaweza kuwa wako. Mchukue kwa jani la mgomba au kwa jembe, mfukie, nawa kwa sabuni. Kumpenda mnyama hakumaanishi kumkumbatia.

Ngojeni sasa tupande Amani. Kutoka hapa mnafika Muheza, mnaiacha barabara kuu, mnapanda kona kwa kona mpaka joto la pwani linabaki chini na ukungu unawapokea. Wajerumani walijenga huko kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na tangu 1997 msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia. Wageni wengi huenda kutazama ndege na vinyonga. Mimi niliinamishwa chini.

Kazi yetu ilikuwa kuchimba. Mnapanga mstari wa ndoo, kawaida 11, mita tano tano, kila moja imezikwa mpaka ukingo wake uwe sawa na ardhi. Juu ya mstari mnasimamisha ukuta mfupi wa plastiki unaopita katikati ya kila ndoo. Kirukanjia akitembea usiku anagonga plastiki, anaifuata kama anavyofuata ukuta wa nyumba, anatumbukia. Asubuhi na mapema, kabla ya chai, mnapita kukagua. Kijana wangu, hakuna zawadi ya siku ya kuzaliwa iliyowahi kunipa hamu kama kuinamia ndoo ile. Mtego wa kawaida wa panya wenye karanga hauwanasi vizuri, ndiyo maana dunia ilichelewa kuwajua virukanjia wa milima yetu mpaka watu walipoanza kuzika ndoo.

Angalieni walichokipata. Mwaka 1980 aliandikwa kwa mara ya kwanza kwenye sayansi Crocidura usambarae kutoka Shume, juu ya Lushoto. Mwaka 1986 mtaalamu wa Kijerumani Rainer Hutterer alimwandika Crocidura tansaniana, na kielelezo chake kilitoka Amani. Semeni wenyewe: kirukanjia aliyepewa jina la nchi yetu nzima ametoka wilaya ya Muheza. Yuko pia Sylvisorex howelli, wa misitu ya Uluguru na Usambara, aliyepewa jina la Kim Howell aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Udzungwa, mwaka 2000, spishi mpya iliitwa kihaulei kwa heshima ya Philip Kihaule, na mwaka 2015 spishi nyingine ya milima ya Tanzania ikaitwa munissii kwa heshima ya Maiko Munissi. Hao ni Watanzania waliotembea msituni pamoja na watafiti. Vitabu vyote vya dunia vinavyotaja wanyama hao vitayataja majina hayo ya kwetu. Kama kuna mwanafunzi hapa anayedhani sayansi ni mali ya watu wa mbali, ayaandike kwenye daftari.

Kwa nini milima yetu ina virukanjia wasiokuwepo kwingine? Kwa sababu kwa kirukanjia wa msitu baridi, Usambara ni kisiwa. Chini yake ni joto, mkonge na mashamba makavu ambayo hawezi kuyavuka. Uluguru ni kisiwa kingine, Udzungwa kingine. Walitengana zamani sana, kila kundi likazaana peke yake, likabadilika kivyake. Msitu wa Amani ukiisha hatakuwa na pa kuhamia. Hapo imani ya wazee inakaribia kuwa kweli kwa namna ambayo hawakuifikiria: iko njia ambayo kirukanjia huyu akiivuka hafiki.

Mzee mmoja kutoka Magoroto ameniuliza nje kabla hatujaanza: na sange je? Swali zuri, mzee wangu, kwa kuwa watu wengi humhesabu kama kirukanjia mkubwa. Sange ana pua ndefu, anakula wadudu, anaishi chini ya majani, lakini undugu haupo. Vipimo vya vinasaba vimemweka kundi moja na tembo, pimbi, muhanga na nguva. Huyu wa misitu yetu ya pwani na Usambara, mwekundu mbele na mweusi mgongoni nyuma, anafikia nusu kilo, anatembea mchana, na ana miguu mirefu kama swala mdogo. Hujenga kiota cha majani sakafuni mwa msitu, na jamaa zake waliochunguzwa Gedi, Kenya, walionekana kuishi dume na jike mmoja katika eneo lao, ingawa kila mmoja analala peke yake. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa Udzungwa zilimpiga picha sange wa kijivu usoni ambaye sayansi haikuwa ikimjua, mkubwa kuliko wote, wa gramu 700 hivi. Nitarudi siku nyingine kwa ajili yake. Leo niseme tu kwamba nyavu na mbwa vinammaliza Magoroto, nawe mzee unajua ninachosema.

Nimebakiwa na dakika chache, na nina maombi.

La kwanza ni majani makavu. Kila Jumamosi mitaa yetu inafukiza moshi, watu wanafagia chini ya mwembe na mnazi, wanakusanya, wanachoma. Yale majani ndiyo soko la kirukanjia, jumba lake na maficho yake. Acheni pembe moja ya uwanja, hata ukubwa wa mkeka, msiifagie. Kwenye shamba ni hivyo hivyo: badala ya kuchoma mabua, yalazeni kwenye mistari. Wadudu watajificha humo, na anayewala atawafuata.

La pili ni sumu. Nimepoteza kuku wanne kwa sumu ya panya iliyomwagwa na jirani bila mpango, kwa hiyo nasema nikiwa na uchungu. Chambo cha nafaka kinawekwa kwa ajili ya panya, lakini mende na wadudu wengine hukila, na anayekula wadudu hao huibeba sumu ndani yake. Sikatazi kuua panya. Anayelima mahindi Handeni hawezi kumwachia panya ghala. Ninaomba sumu iwekwe ndani ya kibomba au kasha lenye tundu, isimwagwe wazi kando ya ukuta, na mitego ijaribiwe kwanza.

La tatu ni dogo na halina gharama. Ndoo zilizoachwa zimezikwa, mashimo ya nguzo, visima vifupi vya bustani, matangi yaliyopasuka: kirukanjia akitumbukia hapandi, na kwa ile njaa niliyowaeleza, kufika mchana amekufa. Laza fimbo au kipande cha ukuti kutoka chini hadi ukingoni. Atapanda mwenyewe.

Sasa nipe kopo, mwanangu. Ahsante.

Nje kidogo ya mji, kwenye ghala moja la zamani la mkonge ambalo halina tena paa upande mmoja, anaishi bundi mwenye uso mweupe. Bundi humeza mawindo yake mazima, kisha mifupa na manyoya anayatapika yakiwa donge kavu. Mwezi uliopita nilipewa ruhusa kuokota madonge chini ya boriti anayolala. Niliyaloweka, nikayafungua kwa kijiti, nikayachemsha, nikayakausha juani. Humu ndani kuna mafuvu kumi na moja. Saba ni ya panya. Manne, haya niliyoyatenga kwenye pamba, ni ya virukanjia. Yanafanana na kokwa ya ukwaju kwa udogo, ila ncha ya mbele ina meno, na mkiligeuza kwenye mwanga mtayaona yote, meupe, yamechongoka, hakuna pengo la mtafunaji. Hili moja meno yake yamelika kabisa. Huyu alizeeka.

Njooni kwa mstari, watoto watangulie, kila mmoja ashike bega la aliye mbele yake.